Kila Nyumba na Bati Lake

Ukumbi wa mtaa wetu siupendi, na sijawahi kuupenda. Nalisema mapema ili msomaji asingoje mwishoni nitubu. Ni jengo baya. Kuta zilijengwa na wafadhili waliokuja na magari meupe, wakaweka jiwe lenye maandishi, wakapiga picha na watoto wa watu, wakaondoka kabla ya paa. Kwa miaka kadhaa mbuzi walilala humo na nyasi zikaota pale ambapo, kwa mujibu wa lile jiwe, vijana tungesomea kompyuta.

Hatimaye watu wa mtaa, hapa pembeni mwa machimbo ya Masara, wakakubaliana jambo ambalo sijui ni wapi kwingine duniani wangelikubali. Hawakutaka kuchanga fedha wakanunua mabati ya aina moja, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kumwamini mwenzake azishike. Wakasema kila nyumba ilete bati lake. Moja. Wengine wakaleta mapya, wengine wakaleta yaliyong'olewa kwenye jiko lililoungua. Kuna jekundu, kuna la kijani, kuna lenye matobo ya misumari yaliyozibwa kwa lami. Kila mtu akachora alama yake kwa rangi upande wa chini, ili ukikaa ndani na kuinua macho ujue nani yuko juu yako. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mwislamu aliyetoka Garissa ambaye kila mtu humwita Haji ingawa yeye mwenyewe hukumbusha watu kwamba hajafika Makka, alichora mwezi. Mwenyekiti alichora kiti. Mama yangu alichora duara tu, kwa sababu rangi aliyoazima ilikuwa inaishia.

Kutokana na paa hilo zikazaliwa sheria. Ya kwanza ni kwamba mwenye bati ana mdomo. Kwenye kikao cha ukumbi, asiye na bati anaweza kukaa, kusikiliza na kupiga makofi, lakini hasemi. Kesi yake ikiletwa, husemewa na mwenye bati. Akifiwa, haombi ukumbi wa kuweka matanga, anaombewa. Na vikao vyote huendeshwa kwa Kiswahili, maana hapa kuna Wajaluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya na yeyote aliyesikia kwamba chini kuna dhahabu. Kila mmoja hukivunja kwa namna yake na hakuna anayemcheka mwingine, labda kwa sababu mambo ya kuchekana ni mengi mno bila hilo.

Sheria ya pili ndiyo iliyonifanya nidharau mahali hapo tangu nikiwa sekondari. Ukigombana na ukumbi, unatoa bati lako. Unamwita fundi, anapanda, na kabla hajang'oa msumari wa kwanza anauliza kwa sauti kutoka juu: "Ugomvi wa nani?" Wewe unasimama chini, unajibu kwamba ni wako, unaeleza kisa chako mbele ya watu, kisha bati linashuka. Shimo linabaki. Hakuna anayeruhusiwa kuliziba. Fundi mmoja wa kinu cha kusagia mawe alitoa lake kwa sababu kamati ilichelewa kumpa ukumbi kwa matanga ya shemeji yake. Masika yakaingia, maji yakawa yanamwagika juu ya meza ya mwenyekiti. Wakasogeza meza. Maji yakawafuata, maana mbao za paa hazijanyooka. Wakasogeza tena, mpaka meza ikafika mlangoni na mwenyekiti akawa anaongoza kikao nusu yake iko nje. Ndipo wakampelekea yule fundi kuku, naye akalirudisha bati, likiwa bado na uchafu wa banda la nguruwe alilokuwa amelifunika nalo.

Watu husimulia kisa hicho wakicheka na kusema, unaona, sisi tunashikana. Mimi naona watu walioshikana mashati.

Nilirudi kutoka chuo kikuu na shahada ya maendeleo ya jamii, nikakaa kwa mama nikimsaidia kupika nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ambayo huwauzia wachimbaji wanapotoka mashimoni. Mtaani wakaniita nyar University, binti wa University, kwa sababu huku mwanamke huitwa kwa kwao. Mama anaitwa nyar Sori, kwa kuwa alizaliwa Sori, ufukweni. Lakini aliolewa upande wa Homa Bay, na hapo ndipo yalipoanzia mambo yake.

Baba alifariki nikiwa mdogo. Kwa mila zetu za Kijaluo, mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu, na mpaka akubali, nyumba yake haiguswi. Hakuna atakayepanda kubadilisha hata bati moja. Paa letu lilikuwa limeoza upande wa kitandani. Nakumbuka masufuria sakafuni, na mama akinisogeza usingizini kutoka pembe hii hadi ile. Shemeji zake walikuja kumwambia, kwa upole kabisa, kwamba mabati wanayo, fundi wanaye, kinachosubiriwa ni neno lake tu. Hakulitoa. Alifunga vyombo, akanishika mkono, tukaja Masara, ambako tumepanga chumba kimoja kwenye ploti ya huyo huyo mwenyekiti wa ukumbi. Kwa wakwe zake akawa mkaidi, kwao Sori akawa mgeni aliyerudi, na hapa akawa mpangaji.

Niliyajua hayo yote nikiwa bado nadhani bati ni bati.

Kazi yangu ya kwanza ilipatikana Homa Bay, katika ofisi ya mradi mmoja uliokuwa ukikarabati kumbi za mitaa. Ilikuwa kazi ya muda. Afisa aliyenipokea alikuwa mwanamume nadhifu, mwenye dirisha linalotazama ziwa ambalo hakuwahi kulifungua kwa sababu ya harufu ya samaki wanaokaangwa chini yake. Alisema ukumbi wetu upo kwenye mipango. Utapata paa jipya, zima, rangi moja, na jina la mradi limeandikwa juu yake kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani. Kabla ya hapo wakubwa wake walitaka kuelewa kwa nini wakazi wanaunga mkono kituo chao. Kwa kuwa mimi ni wa huko, niende nikawaulize.

Nikaenda. Sijawahi kufanya kazi ya kutukanwa hivyo.

Haji aliniambia bila kuacha kupima misumari kwamba yeye ndiye aliyeuza mengi ya mabati yale. Ukumbi ukianguka watasema bidhaa zake zilikuwa mbovu, kwa hiyo anauunga mkono kama mtu anavyoushikilia ukuta usimwangukie. Kijana wa bodaboda anayengojea wateja pale mbele alisema anaunga mkono kivuli, vingine havijui, na akauliza kama kwa kuhojiwa atapewa hata soda. Mzee mmoja Mkuria, mlinzi wa vinu, aliniuliza kama chuoni ndiko walikonifundisha kuwauliza watu kwa nini wanakula. Mwenyekiti alinikalisha, akaniletea chai na akaniagiza cha kuandika: "Andika umoja, nyathina, mwanangu. Usichanganye na kitu kingine."

Nilimwacha mwisho Mama Sabato.

Yeye na mama yangu ni maadui wa kweli, si wa utani. Wote wanauza nyoyo, vibanda vyao vinatazamana. Lakini Mama Sabato ni Msabato, Jumamosi hafungui. Siku hiyo wachimbaji wote huja kwa mama, na mama, ambaye ni Mkatoliki na anajua anachokifanya, huinjika sufuria kubwa kuliko siku nyingine. Wasabato husali katika ukumbi huo huo. Kwa hiyo Mama Sabato hukaa ndani akiimba sifa huku harufu ya maharagwe ya adui yake inaingia dirishani pamoja na vicheko vya wateja wake. Na kwa sababu nyumba zao zilileta mabati siku moja, yamepigiliwa bega kwa bega, na duara la mama liko karibu kabisa na alama yake, ambayo ni mwiko wa kusongea ugali.

Nilimuuliza kwa nini anauunga mkono ukumbi.

"Kwa sababu mama yako yumo," akasema. "Mimi nikitoka, atatandaza miguu mpaka kwangu."

"Na akitoka yeye?"

Akaendelea kuchagua mawe kwenye maharagwe yake. "Atoke aende wapi? Hana pa kwenda huyo. Ndiyo maana ana kiburi."

Nikarudi Homa Bay nikiwa na jibu ambalo niliamini ni la kweli, na bado naliamini. Wakazi hawa hawaungani mkono. Wanachungana. Kila mtu analilinda jengo kwa sababu hataki jirani alimiliki, na hakuna anayethubutu kuliacha liharibike kwa sababu alama yake inaonekana juu ya vichwa vya wengine. Afisa alinisikiliza, akacheka vizuri, akasema hiyo hawezi kuipeleka kwa wakubwa. Akauliza kama hakuna hata mmoja aliyetaja umoja. Nikasema yupo mmoja. Akasema basi tumpe nafasi huyo.

Tukampa nafasi. Mradi ukapita. Masharti yalikuwa mepesi, kwa maoni ya afisa na, wakati huo, kwa maoni yangu: mabati ya zamani yote yashushwe, kila mtu apewe lake aende nalo, na ukumbi uwe chini ya kamati ya wenye ploti, maana wapangaji huja na kwenda na mradi hauwezi kufanya kazi na watu wa kuja na kwenda. Mwenyekiti, mwenye ploti nyingi kuliko mtu yeyote mtaani, alilipokea sharti hilo kwa unyenyekevu mkubwa.

Nilimletea mama habari jioni akiwa anaosha sufuria.

"Kwa hiyo langu linashuka," akasema.

Nikamwambia yote yanashuka, si lake peke yake. Atarudishiwa, anaweza hata kuezekea kibanda, kivuli kiongezeke.

"Na mdomo?"

"Mdomo gani, mama? Wa kugombana na Mama Sabato kuhusu nani amemwaga maji machafu? Huo utaendelea nao hata nje."

Aliuliza akifia humu, kwenye chumba cha kupanga, watamlaza wapi watu wakija kumlilia. Mwenye ploti hakubali maiti ndani ya vyumba vyake, hilo tunalijua, alishautoa mwili wa mpangaji mmoja ukalazwa uani chini ya turubai. Nikamwambia asizungumze habari za kufa kwa sababu ya kipande cha chuma. Niliongeza maneno mengine niliyojifunza chuoni, kuhusu mali ya pamoja na usimamizi, na nadhani ni hayo yaliyomkasirisha.

"Wewe umesomea nyumba za watu," akasema. "Hebu niambie, maishani mwangu nimewahi kuezeka nyumba gani nyingine?"

"Ile si nyumba. Na umeezeka bati moja."

"Basi ni moja zaidi ya lako."

Tulilala hatusemezani. Chumba ni kimoja, kwa hiyo ilikuwa kazi ngumu.

Siku ya mradi lori lilifika na mabati ya buluu yaliyofungwa kwa nyaya, yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Afisa alikuja na gari lake na fundi wake kutoka Homa Bay. Mtaa mzima ulikuwa nje. Nilitegemea furaha. Badala yake watu walisimama wamekunja mikono, kila mmoja akimwangalia mwenzake kama watu waliofika kwenye mnada wa mali ya ndugu yao.

Mwenyekiti alitoa hotuba fupi, kisha akaelekeza pa kuanzia. Wataanza na upande wa wapangaji, alisema, kwa kuwa hao hawana mengi ya kujadili. La kwanza pembeni kabisa lilikuwa bati la mama. Mafundi wetu wa hapa walitazama viatu vyao. Yule wa Homa Bay, asiyejua lolote, akaegemeza ngazi, akapanda na mtaimbo, na kabla hatujatulia tukasikia misumari ikilia. Ukang'oka mmoja, ikang'oka miwili.

"Hajauliza," sauti ikasema nyuma yangu. Ilikuwa ya yule mlinzi wa vinu.

Watu wakaanza kunung'unika. Hajauliza, hajauliza. Fundi akasimamisha mtaimbo, akatazama chini akidhani ameiba kitu. Afisa akamuuliza mwenyekiti ni nini. Mwenyekiti akafoka kwamba ni utaratibu tu, dakika moja, akamwelekeza fundi maneno ya kusema. Nafikiri aliona bora kwenda na desturi kuliko kushindana nayo mbele ya mgeni. Hilo ndilo kosa lake, na mtu wa nje asingelifanya.

"Ugomvi wa nani?" fundi akauliza kutoka juu, kwa lafudhi ya ziwani, kama mtu anayesoma kibao.

Watu wakamgeukia mama. Alikuwa amesimama na leso yake kiunoni, mikono bado ina unga.

"Bati ni langu," akasema. "Ugomvi sina."

Fundi akamwangalia mwenyekiti. "Sasa natoa au sitoi?"

"Toa," mwenyekiti akasema.

"Lakini amesema hana."

Hapo watu wakacheka, na kicheko cha kwetu hakina huruma. Afisa akamsogelea mama, akamwita mathe kwa sauti ya kubembeleza, akamwomba aseme tu kwamba ni wake ili kazi iendelee, ni neno tu. Nilimwona mama akimtazama. Mtu mwingine angedhani anafikiri. Mimi nilijua ameshawahi kuombwa neno tu, na watu wapole, wenye mabati na fundi.

"Nikisema ni wangu," akamjibu, "nimegombana na watu wote hawa bure. Wewe utaenda Homa Bay. Mimi nitabaki nao."

Nilikuwa karibu na afisa, na kitambulisho cha mradi kikining'inia shingoni. Nilipaswa kuongea na mama yangu, ndiyo maana nililetwa. Sikuongea. Si kwa ushujaa. Nilikuwa na hasira na kila mtu pale, naye akiwemo, na sikujua nianze na nani.

Aliyeongea ni Mama Sabato. Alijitokeza mbele akamwelekezea fundi kidole. Akasema kwamba bati la nyar Sori limepanda juu ya lake, na misumari anayoing'oa imeshika yote mawili. Kwa hiyo amekwisha kumgusa yeye, ambaye ana ploti, ana bati, ana mdomo, na hakuulizwa kitu.

"Huyu mama simpendi," akasema, "na yeye anajua. Lakini maji yakishuka hapo yananimwagikia mimi Sabato yote. Wewe mwenyekiti umekaa chini ya lako, pakavu. Si uanze na lako?"

"Anza na lako, jaduong'," wengine wakadakia, wakimwita mzee.

Si wote. Kijana wa bodaboda alilitaka paa jipya na alisema hivyo, akatukanwa, naye akatukana. Haji alijaribu kusema jambo kuhusu unene wa mabati ya buluu, kwamba ni membamba, akaambiwa anaona wivu. Palikuwa na kusukumana. Ungeniambia nitafute umoja pale ningehitaji darubini. Lakini ngazi ilihamishwa. Sijui nani aliyeihamisha. Ikaegemezwa upande wa bati lenye kiti, na fundi, ambaye sasa alikuwa ameushika mchezo, akapanda na kuuliza kwa sauti kubwa kuliko mwanzo: "Ugomvi wa nani?"

Mwenyekiti alifungua mdomo. Tulimngoja. Akisema ni wake, atakuwa yeye wa kwanza kugombana na ukumbi siku hiyo, na hadithi itasimuliwa hivyo kwenye kila kibanda mpaka azikwe, pengine hata siku ya mazishi yake.

"Ni wa mradi," akasema.

"Mradi una bati hapa?" mlinzi wa vinu akauliza, kwa utulivu wa mtu anayeuliza njia.

Afisa alipokea simu, au alijifanya kupokea. Aliongea nayo akielekea kwenye gari. Kabla ya jua kukolea, lori lilikuwa limegeuza na mabati yake, na baadaye tukasikia yaliezekea ukumbi mwingine, sehemu ambako watu wana akili. Alipokuwa anafunga mlango wa gari aliniita.

"Uliniandikia umoja," akasema. "Uko wapi?"

"Ndio huo," nikamwambia.

Akaniomba kitambulisho, nikamvulia.

Naeleza haya bila fahari. Sidhani walishinda kitu. Walikataa paa zima na kubaki na viraka vinavyovuja kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema neno. Nikiambiwa nihukumu leo, nitasema walifanya upumbavu, na sababu walizokuwa nazo wakati wa kuufanya zilikuwa mbaya, isipokuwa ya mtu mmoja.

Mchana wingu likaanza kukusanyika upande wa ziwa. Bati la mama, lililobaki na msumari mmoja juu na mmoja chini, likaanza kupiga kofi kwa upepo. Mama alienda kwa fundi wa kwanza wa mtaa, fundi akasema mgongo unamuuma. Wa pili akasema ukweli: mwenyekiti amewakataza kupanda mpaka kamati ikae. Mama akarudi, akasimama chini ya paa akitazama juu. Upepo ukilichukua, pale patakuwa na shimo, na shimo ni ugomvi. Hakuna atakayesema ni upepo. Watasema nyar Sori alitoa.

Kwetu mwanamke hapandi paa. Sijawahi kupewa sababu inayoeleweka, na nimeuliza sana. Nilichukua nyundo ya kuvunjia kuni, nikaomba misumari kwa Haji, akanipa akijifanya haoni ninakokwenda nayo, nikavaa suruali yangu ya chuo, nikapanda.

Mabati huwa moto kuliko unavyofikiri, hata kukiwa na wingu. Watu walikusanyika upesi kuliko walivyokusanyika kwa mradi. Wengine walisema nishuke, wengine walisema huyo ndiye nyar University, mnaona mambo yake. Mwanamke mmoja aliwafunika macho watoto. Mama alishika ngazi.

Nilipiga msumari wa kwanza ukapinda. Chini wakashangilia.

"Lenga mgongo wa bati, si bondeni," Mama Sabato akanipigia kelele. "Bondeni maji yanaingia. Shahada ya nini hiyo?"

Nikamwambia aje apige yeye. Akasema yeye ni mtu wa heshima. Nikapiga. Ili la mama likae ilibidi nilikandamize lile la mwiko chini yake na kupitisha misumari kwenye yote mawili, na sikumuomba ruhusa. Mvua ilinikuta nikiwa hapo juu, nikamalizia nimelowa, nikashuka nikiwa nimejikwaruza mkono mpaka kwenye kiwiko. Mama aliuangalia mkono, akauliza kama nimekaza ule wa chini kabisa. Nikasema nimekaza.

Kikao kikaitwa. Mwenyekiti alikaa kwenye meza yake, chini ya kiti chake cha rangi, na jambo la kwanza alilolileta lilikuwa mimi. Mashtaka yalikuwa mawili. Moja ni la mwanamke kupanda paa, na lililetwa na wazee. La pili lililetwa na Mama Sabato mwenyewe, ambaye alisimama na kueleza kwa kirefu kwamba msichana huyu amelipinda bati lake kwa nyundo ya kuni, kwamba sasa linatoa mlio upepo ukivuma, na kwamba mlio huo unamsumbua katika maombi.

Nikainuka nijibu. Nilikuwa na hoja tayari, tena nzuri. Mwenyekiti akainua mkono bila kunitazama.

"Wewe una bati?"

Nikasema sina.

"Kaa chini. Ana mtu wa kumsemea?"

Mama akasimama. Alijifunga leso upya, polepole, ukumbi mzima ukimngoja. Kisha akaanza kusema, na alisema vibaya. Aliruka kutoka jambo hadi jambo, akachanganya Kijaluo, akarudi kwenye maji machafu ya miaka iliyopita, akasema maharagwe ya Mama Sabato hayaivi na ndiyo maana wachimbaji wanaumwa matumbo, akamuuliza mwenyekiti maswali ambayo hayakuhusu paa. Nilitamani kutoka nje. Watu walikohoa, walijigeuza kwenye mabenchi, mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba huyu hatamaliza leo. Mwenyekiti aliitazama saa yake, akaitazama tena.

Hakuweza kumnyamazisha; duara la mama lilikuwa bado juu yetu. Mama akaendelea.